ARDHI KAVU SI ARDHI ISIYO NA WENYEWE



Husemwa mara kwa mara, tena na watu wenye elimu na mali, ya kwamba nchi ya Garissa na pande zote za Kaskazini Mashariki ya Kenya ni jangwa tupu. Kwa hivyo yafaa ipandwe miti yenye kuvumilia ukame, ipatikane humo mafuta ya kuendeshea mitambo na kuni za kutolea umeme. Shauri hili kwa dhahiri yake ni jema. Moto ni neema, na Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya Yasin na ya Al-Waqia kuwa ni Yeye atutoleaye moto katika miti. Basi hatuulizi kama kupanda ni halali. Twauliza: ardhi hiyo ni ya nani, na ni nani atakayeumia iwapo shauri litaharibika?

Huenda mtu akasema: sheria yetu humpa ardhi iliyokufa yule aliyeihuisha. Ni kweli, lakini kwanza ithibitike kuwa imekufa. Mafakihi wamesema ya kwamba kila kijiji kina haki zake kandokando yake, hata mahali pa kulaza ngamia na pa kutupia majivu, wala mtu mwengine hawezi kupahuisha akapamiliki. Ikiwa jaa la majivu lina heshima hiyo, malisho je? Mvua ya Garissa ni kama milimita 300 kwa mwaka, nayo hunyesha hapa ikaacha pale. Mfugaji huifuata, akaiacha nyasi nyuma yake ipumzike. Mpita njia akiuona uwanja mtupu hudhani hauna mtu. Kumbe ndio akiba ya mwenye ng'ombe. Na sheria ya nchi pia, kwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, yakiri kuwa ardhi yaweza kuwa mali ya jamii nzima kwa pamoja.

Wala jambo hili si geni. Mti uitwao mathenge, ambao asili yake ni Amerika, uliletwa kwetu Mombasa mwaka 1973, ukapandwa katika machimbo ya mawe ya Bamburi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Bura, karibu na mto Tana, ili wakulima wa mashamba ya kumwagilia maji wapate kuni. Nia ilikuwa njema, na mti uliota pasipoota kitu. Lakini haukukaa ulipowekwa. Mifugo walikula maganda yake wakazisambaza mbegu kwa samadi, maji yakazichukua, na leo vichaka vyake vya miiba vimeenea Garissa na Tana River, vimeua nyasi na kuziba njia za kwenda mtoni. Wafugaji wa Baringo walikwenda mahakamani mwaka 2006, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda hayo akapelekwa awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa ni magugu mabaya. Walioleta shauri hawakuwa ndio waliokula hasara.

Kisha ikaja zamu ya mbono kaburi, uliosifiwa kuwa humea palipo pakavu. Lakini kumea si kuzaa. Pasipo maji ya kutosha mbegu zake huwa haba. Mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilitaka hektari 50,000 katika mwitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi, ipande mbono wa kukamua mafuta. Wengi wa pale wakapinga, na mwaka 2012 kibali kikanyimwa.

Mtume s.a.w. amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Tutazame: shamba la kuni katikati ya malisho layagusa yote matatu. Hunywa maji, hula malisho, ili litoe moto. Ikiwa moto huo wapelekwa mbali, mfugaji amepoteza fungu lake katika mawili, na la tatu hakulipata. Sayyidna Umar r.a. alipomweka msimamizi juu ya malisho ya hifadhi, alimwagiza awaruhusu wenye wanyama wachache, na ajihadhari na makundi ya Ibn Auf na Ibn Affan; kwani tajiri akifiliwa na wanyama atarejea kwenye mitende na mashamba yake, lakini maskini atakuja na watoto wake akilia. Katika ukame wa 2020 hadi 2022 Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Maskini huyo basi twamjua.

Je, twasema nchi hiyo isiguswe? La. Kuondoa madhara ni wajibu, na mathenge uliokwisha kuenea ni kuni zilizo tayari. Na ukatwe, uchomwe makaa, uendeshe mitambo. Lakini ung'olewe kisiki chini ya ardhi, kwani ukikatwa juu huchipua tena. Miti ya asili isitiwe shoka kwa jina lake. Na idhini na faida viwe mikononi mwa wenyeji. Mwenye mtambo unaoishi kwa mathenge hatapenda mathenge uishe, bali mwenye mbuzi atapenda.

Watasema mashauriano huchelewesha kazi. Twajibu: mathenge ulipandwa upesi, na baada ya miaka zaidi ya 40 haujaondoka.

Na sisi watu wa pwani tusijitoe katika hukumu hii. Majiko ni yetu, na gari ni zetu. Muuza makaa tumuulize yametoka mti gani na kwa ruhusa ya nani, kama tumuulizavyo muuza nyama ni nani aliyechinja. Halali si ya chakula kilichomo chunguni peke yake. Hata moto ulio chini yake una haki ya watu.

Wallahu aalam.