Mkimbiaji, Mkimbizi na Bonde la Azaiba

Kitenzi *kukimbia* kimezaa watoto wengi wasiofanana. Mkimbiaji ni mtu wa viwanjani na barabarani, mwenye viatu vyepesi na saa mkononi. Mkimbizi ni mtu aliyeondoka kwake bila kujua atalala wapi. Kimbilio ni mahali pa usalama. Kukimbiwa ni kuachwa peke yako. Waarabu wanaotuzunguka hapa Maskati hutumia *rakadha* kwa huyu wa kwanza na *haraba* kwa huyu wa pili, na Waingereza nao wana maneno mawili yasiyo na undugu. Kiswahili hakikuona haja ya kuwatenga. Ukisema tu kwamba fulani anakimbia, msikilizaji ana haki ya kuuliza: anakimbilia nini, au anakimbia nini?

Nimeishi na swali hilo kwa miaka kadhaa, kwa sababu nakaa Azaiba na nakimbia karibu kila asubuhi katika majira ya baridi. Kwa nje linaonekana swali la sarufi, lakini ndani yake lina jambo la maadili: je, mtu anayekimbia kwa ajili ya kuburudika, na kwa ajili ya uzuri wa njia, anadaiwa chochote na mahali anapopita?

Azaiba yenyewe ni tambarare. Kaskazini kuna pwani ya Bahari ya Omani, magharibi uwanja wa ndege, mashariki Ghubra. Uzuri wa njia huanza ukishavuka Barabara ya Sultani Qaboos kuelekea kusini, ambako ardhi huinuka taratibu hadi Ghala na Bausher, kisha vilima vya Hajar vikasimama vyote kwa pamoja, vitupu, bila mti. Jina la Ghala masikioni mwetu ni bohari, na kwa bahati bohari na karakana zimejaa huko. Lakini nyuma yake kuna kijiji cha kale chenye mitende. Katikati ya yote hayo hupita wadi. (Msomaji wa Mombasa asije akadhani nakimbia katika kata ya uchaguzi, wala wa Dar es Salaam kwamba nakimbia hospitalini: wadi ni mto usio na maji, bonde la changarawe linalosubiri mvua.) Humo mna migunga, na mikunazi ambayo Waarabu huiita sidri, na mawe yaliyolainishwa na maji ambayo hayapo. Alfajiri ya Desemba vilima huwa vya kijivu, halafu vya waridi, halafu hudhurungi, na mabadiliko hayo yote hayamalizi nusu saa. Sijui njia nyingine niliyokimbia, hata katika mji wa Ulaya nilikosomea shahada ya uzamivu kando ya mto wenye maji na majani mabichi, inayonipa furaha kiasi hicho.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wetu wa kutoa hukumu, alisema kwamba furaha tuipatayo mbele ya kitu kizuri haina maslahi: hatutaki kukila, kukiuza wala kukimiliki. Alisema pia kwamba vitu vya asili vinavyotisha, kama tufani na maporomoko, hutuvutia kwa ukuu wao ilimradi tuwe tumesimama mahali salama. Kwa mwanafalsafa sharti hilo la pili ni la kupita tu. Kwangu mimi ndilo lenye uzito wote. Ni nani aliyesimama mahali salama, na ni nani aliyemweka hapo?

Wadi hujibu kwa namna yake. Mahali ambapo barabara za Omani hukatiza wadi, husimikwa nguzo za rangi nyekundu na nyeupe ili dereva apime kina cha maji kabla hajathubutu kuvuka. Mgeni huziona kama mapambo. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipoifikia Maskati, mabonde makavu yaligeuka mito kwa saa chache, barabara zikakatika vipande, na watu wapatao 50 wakafariki nchini. Aprili 2024, katika mkoa wa Sharqiya Kaskazini, mafuriko ya wadi yaliwachukua wanafunzi waliokuwa garini. Changarawe ninayoisifu kwa ulaini wake chini ya kiatu iliwekwa pale na maji ya aina hiyo. Uzuri wa bonde na hatari yake vina baba mmoja, na mimi hupita pale siku ambazo huyo baba hayupo.

Lakini hatari ya maji bado ni rahisi kuifikiria, maana humkumba yeyote. Lililonisumbua zaidi lilitoka kwa jirani yangu, bibi aliyezaliwa Unguja akaondoka akiwa msichana mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Asubuhi moja aliniona nikirudi nimelowa jasho. Baada ya kuitikia shikamoo yangu akauliza:

"Unamkimbia nani, mwanangu?"

Nikamwambia simkimbii mtu, nakimbia tu.

"Hakuna kukimbia tu," akasema. "Ama unafuata, ama unafuatwa. Sisi tulikimbia mara moja, ikatosha."

Safari ya watu wa rika lake haikuwa moja. Wengi walipitia Mombasa, Dar es Salaam, Kairo, Dubai au Kuwait kabla ya kufika Omani, ambayo haikuwafungulia milango kwa upana hadi Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970. Siku nyingine nilimuuliza bahari ilikuwaje walipokuwa wakiondoka. Alisema bahari haikumbuki. Anachokumbuka ni kiatu kimoja kilichokuwa kikimbana.

Hapo nadhani ndipo penye kiini. Njia nzuri za mbio zote ni za mviringo, au za kwenda na kurudi. Hakuna mkimbiaji anayesifu njia iliyomwacha mahali ambapo hawezi kurejea nyumbani kuoga. Tunaposema mandhari tunasema jicho lililo huru kutazama pembeni, na jicho halipati uhuru huo mpaka miguu iwe na hakika ya kurudi. Kilima kilekile, mwezi uleule: mwenye hakika ya kurudi ataona rangi ya waridi, asiye nayo ataona kizuizi au maficho. Kwa hiyo sehemu ya uzuri ninaouona Ghala haimo Ghala. Imo katika ufunguo wa nyumba ulio mfukoni mwangu na katika kibali cha ukaazi kilicho ndani ya kabati.

Kuna pingamizi la kweli hapa. Je, mkimbizi haoni uzuri kabisa? Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana miaka ya 1960, ameandika riwaya nzima, *By the Sea* ya mwaka 2001, ambamo mtu mzima wa Zanzibar anafika Uingereza kuomba hifadhi. Na anayeisoma hawezi kusema kwamba watu hao ni vipofu wa bahari. Nakubali. Ila uzuri huo huja baada ya miaka, katika kusimulia, wakati mtu amekwisha kuketi. Kusimulia nako ni aina ya kurudi. Jirani yangu bado hajaisimulia bahari yake, na si kazi yangu kumharakisha.

Tena kuna watu waliozivaa sura zote mbili za kitenzi chetu kwa wakati mmoja. Timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi, iliyoshindana Rio de Janeiro mwaka 2016, ilikuwa na wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa Wasudani Kusini kutoka kambi ya Kakuma, wote wakimbiaji, waliofanyia mazoezi Ngong chini ya uangalizi wa Tegla Loroupe. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera katika ufunguzi. Kakuma iko Turkana, kando ya mto mkavu ambao huko kaskazini mwa Kenya huitwa laga. Ndiyo wadi yetu kwa jina jingine, na hufurika kwa hasira ileile. Ngong ni vilima vinavyopandana kama mawimbi, na nyuma yake Bonde la Ufa linashuka mpaka macho yanachoka. Watalii hulipa ili wakaone. Wale watano walikwenda kufanya kazi. Hata hivyo nadhani walipata kitu ambacho takwimu za mashindano haziwezi kukionyesha: kila asubuhi walikimbia, na kila asubuhi walirudi walikotoka. Nyumbani kwao bado hawakuweza kwenda. Lakini mwili uliojifunza kukimbia kwa njia iliyonyooka, bila kugeuka nyuma, ulikuwa sasa unafundishwa mviringo. Wanahabari wa wakati ule walipenda kuandika kwamba wakimbizi wamekuwa wakimbiaji, kana kwamba neno la pili lilifuta la kwanza. Halikufuta. Ni heri Kiswahili, ambacho huyaacha yote mawili yasikike.

Basi ninadaiwa nini? Majibu mawili ya haraka siyataki. La kwanza linasema niache kufurahi kwa sababu wengine hawafurahi. Huko ni kuwafanya wale wengine kuwa sababu ya huzuni yangu, nao hawakuniomba. Jirani yangu angenicheka. La pili linasema uzuri ni uzuri, hauna siasa, kimbia zako. Hili ndilo hupendwa zaidi na wanaonakiliana njia kwenye simu, kilomita nane, kilomita kumi na mbili, na picha ya machweo. Linashindwa mara tu unapokutana na mtu mwingine ndani ya wadi.

Na hukosi kukutana naye. Alfajiri, ninapopanda kuelekea vilimani, vibarua kutoka Bangladesh, India na Pakistani wanakatiza bonde kwa miguu kwenda kazini. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Omani inakataza kazi za nje kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, na ni sheria njema. Mimi katika miezi hiyo siingii wadi kabisa. Wao huingia. Nao ni watu wa kwenda na kurudi, ila mviringo wao mkubwa huchukua miaka miwili au zaidi, na anayeupima si wao. Nimewahi kumwona mmoja akisimama kuangalia vilima vikibadilika rangi, mfuko wa chakula ukiwa mkononi, kisha akaendelea. Sikumuuliza alichokiona. Ilinitosha kujua kwamba nadharia yangu ya ufunguo mfukoni haikumfunga yeye.

Ninachodhani nadaiwa ni kidogo, na hakilipiki kwa mara moja: nisiiite njia hiyo tupu. Wakimbiaji wa mtaa wetu wakielekezana, husema pale chini kuna kijia kilichonyooka, kigumu vizuri, hakina mawe, utadhani kilitengenezwa kwa ajili yetu. Kijia hicho hakikutengenezwa na manispaa. Kimekanyagwa na ndala na viatu vya kazi vya watu waliotafuta njia fupi zaidi kati ya mahali wanapolala na mahali wanapofanya kazi, na kila baada ya mafuriko hukanyagwa upya, wiki kadhaa kabla hatujarudi sisi na viatu vyetu vyepesi.