Je, Kuelewana Kunatosha?

Kompyuta mbili zinazoelewana zinaweza kuwa zimekosea zote mbili. Itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills katika miaka ya 1980 ili kulinganisha saa za kompyuta mtandaoni, huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1900. Hesabu hiyo husafiri katika baiti nne, na makubaliano ya intaneti ni kwamba baiti yenye thamani kubwa itangulie. Prosesa nyingi, zikiwemo za Intel, huanza na ile ndogo. Kwa hiyo programu hulazimika kuzigeuza baiti kabla ya kutuma, na tena baada ya kupokea.

Mtengenezaji akiacha kuzigeuza pande zote mbili, kompyuta zake zitaelewana bila shida. Kasoro hujitokeza anapofika mgeni anayefuata kanuni. Mgeni akituma 1, wenyeji husoma 16,777,216. Zikiwa ni sekunde, hizo ni zaidi ya siku 194. Ni rahisi wakamwona mgeni ndiye aliyepotea.

Je, wenyeji wana kosa gani? Mtu aweza kujibu kwamba mpangilio ni desturi tu. Ni kweli: Mswahili akisema saa moja asubuhi na Mwingereza akisema saa saba, jua ni lilelile. Mwaka 1980 Danny Cohen aliufananisha ubishi wa baiti na ule wa Jonathan Swift, ambamo watu wanapigana kuhusu ncha ya kuvunjia yai. Lakini desturi ikishakuwa ahadi, kuna watu wasiotufahamu wanaoitegemea. Kuivunja ni kuwadanganya, hata kama sisi kwa sisi tunasikilizana.

Mrekebishaji basi ana njia mbili. Anaweza kuongeza kipengele kinachomtambua mgeni na kumsoma kivyake, wenyeji wasiguswe. Au anaweza kurekebisha kutuma na kupokea, akijua kwamba nakala za zamani hazitaelewana na mpya. Methali husema wengi wape, na kwa methali hiyo njia ya kwanza ingeshinda. Mimi naichagua ya pili, kwa sharti kwamba awatangazie mapema wenye nakala za zamani. Njia ya kwanza inaihifadhi kasoro na kumwachia mzigo kila mgeni ajaye. Gharama ya kosa imlipe aliyelifanya, si aliyetimiza ahadi.