Jina na Chenye Jina

Wanazuoni wa elimu ya tauhidi walijadiliana zamani juu ya suala ambalo kwa msikilizaji wa haraka huonekana kuwa mchezo wa maneno, nalo ni hili: je, jina ndilo chenye jina, au jina ni kitu kimoja na kinachoitwa ni kitu kingine? Mu'tazila walishika kuwa ni mambo mawili mbalimbali, na wengi katika wafuasi wa Imamu Ash'ari wakasema kuwa jina ndilo kile kile kinachoitwa; na mjadala wao ulihusu kwanza majina ya Mwenyezi Mungu, ambayo mimi siyaingilii hapa. Nalichukua suala lao nikalipeleke kwa viumbe wadogo wa mbinguni, yaani yale mawe yazungukayo jua, mengi yao baina ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii, ambayo wanafalaki huyaita asteroidi au sayari ndogo. Kwa kuwa huko, ambako hapana wa kuitika anapoitwa, kazi ya jina huonekana peke yake.

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, katika mji wa Palermo kisiwani Sicily, padri Giuseppe Piazzi alikuwa akipima mahali pa nyota kwa ajili ya orodha yake, akaona nukta hafifu asiyoijua; usiku wa pili akaikuta imesogea, na usiku wa tatu imesogea tena, akaiandama hivyo hata mwezi wa Februari, maradhi yalipomzuia na nukta yenyewe ikazama katika mwanga wa jua. Vipimo vilivyosalia vilikuwa vichache mno, lakini kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, alivikalia akapiga hesabu ya njia yake, na mwaka ulipokuwa ukiisha nukta ile ikaonekana upya karibu na pale hesabu iliposema. Piazzi alikuwa ameiita Ceres Ferdinandea: Ceres kwa mungu wa kike wa nafaka, mlinzi wa Sicily katika imani za kale, na Ferdinandea kwa mfalme wake Ferdinand. Wanafalaki wa nchi nyingine hawakumtaka mfalme, jina lake likadondoka. Na Ceres, iliyoitwa sayari, kisha ikaitwa asteroidi, na leo huhesabiwa pia katika sayari kibete, haikupungua wala kuzidi kwa lolote kati ya hayo.

Tangu hapo majina yaliandama tabia za waitao. Mwaka 1850, John Russell Hind wa London aliita jiwe la 12 Victoria, akisema kuwa huyo ni mungu wa ushindi wa Warumi. Wamarekani, waliojua vema ni nani aliyekuwa akitawala Uingereza wakati huo, wakanung'unika, na baadhi yao wakachagua kuliita Clio. Mwaka 1885, Johann Palisa wa Vienna, akitafuta nauli ya kwenda kutazama kupatwa kwa jua, alitangaza kuwa atauza haki ya kuliita jiwe moja kwa pauni 50, na Baron Albert von Rothschild akainunua na kulipa jiwe jina la mkewe, Bettina. Na baadaye sana mtu mmoja akalipa jiwe la 2309 jina la paka wake.

Sisi watu wa pwani pia tumo katika daftari hilo, ingawa hatukuulizwa. Mwaka 1937, Cyril Jackson, akifanya kazi Johannesburg, aligundua mawe ambayo leo yamefuatana hivi: 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba. Mwenye kuzaliwa Pemba huenda akasikia fakhari kidogo akiambiwa hayo, na fakhari hiyo si dhambi; lakini atazame na jiwe la 1197, alilogundua Jackson yule yule mwaka 1931, liitwalo Rhodesia. Nchi iliyochukuliwa jina hilo ilikwisha kulivua mwaka 1980 ikawa Zimbabwe, wala jiwe halina habari. Lapita njia yake ile ile, likichukua jina la dola isiyokuwapo tena, kama lilivyopita kabla dola hiyo haijaundwa.

Mfano mwingine ni mawe yaendayo katika njia ya Mshtarii, kundi moja likitangulia sayari hiyo na kundi moja likifuata. Ilikubaliwa kuwa yaitwe kwa mashujaa wa vita vya Troya, Wayunani mbele na Watroya nyuma; ila mapatano hayo yalifika baada ya mawili kuwa yamekwisha kuitwa, na kwa hiyo Hektor wa Troya amebaki katikati ya Wayunani, na Patroclus Myunani, ambaye hadithi husema aliuawa na Hektor, yuko kwa Watroya. Lau jina lingekuwa ndilo chenye jina, mawe hayo yangelikuwa na vita.

Je, tuseme basi kuwa jina ni pumzi tupu? La, na sababu imo katika taratibu ya wanafalaki wenyewe. Jiwe lionekanapo mara ya kwanza hupewa alama ya mwaka na herufi tu. Nambari halipati mpaka njia yake imepimwa kiasi cha kutumainiwa kuwa halitapotea, na jina huja baada ya nambari. Aliyeligundua ana miaka 10 ya kupendekeza. Jina lisizidi herufi 16, lisiwe la biashara, na mtu wa siasa au wa vita haitiwi jiwe mpaka ipite miaka 100 tangu kufa kwake. Majina ya wanyama wa nyumbani nayo hayapendelewi tena.

Ubora wa kutanguliza ujuzi waonekana kwa Baron yule yule aliyenunua jina la mkewe. Mwaka 1911 Palisa aligundua jiwe, likapewa nambari 719 na jina Albert kwa heshima yake. Lakini njia yake ilikuwa imepimwa kwa muda mfupi, jiwe likapotea, na kwa miaka 89, hata mwaka 2000, likawapo jina lisilojulikana linaita nini wala wapi.

Tumefundishwa kuwa Adamu alijulishwa majina yote, na malaika walipoulizwa wakakiri kuwa hawajui; na wako wafasiri walioelewa kuwa alichopewa hakikuwa sauti za kutamka, bali maarifa ya vitu vyenyewe. Naona mawe haya yanawaunga mkono. Katika viumbe, jina silo chenye jina, wala halimpi aitaye milki yoyote juu ya kiitwacho. Ni mapatano ya watu juu ya jambo walilokwisha kulijua, na thamani yake haizidi ujuzi huo. Aliyeita Ceres ni Piazzi, lakini aliyefanya jina hilo liwe na kitu cha kuita, nukta ilipokuwa imepotea, ni Gauss na hesabu yake. Na mtu akitaka kuacha kumbukumbu, heri aache kazi kama hiyo kuliko jina lake juu ya jiwe.