Siku Nzuri Leo, Tucheze Mbili

Hapa Dar es Salaam ukijitambulisha kuwa shabiki, swali linalofuata ni moja tu: Simba au Yanga? Jibu langu nimelirithi kwa baba pamoja na jina la ukoo, na leo silitaji, maana nataka wasomaji wa Msimbazi na wa Jangwani tufike wote mwisho wa safu hii. Ila timu inayoninyima usingizi kuliko zote ni Chicago Cubs, na mchezo wao ni besiboli. Nikilisema hilo kijiweni watu hucheka kwanza, kisha hakosekani mmoja wa kuuliza: "Sasa hao jamaa zako wanashinda?"

Ni swali la haki, na kwa muda mrefu mno jibu lake lilikuwa hapana. Cubs walitwaa ubingwa mwaka 1908, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mjerumani, wasiuone tena hadi mwaka 2016. Hapo katikati kuna miaka 108. Watu walizaliwa, wakashangilia, wakazeeka na kuzikwa bila kuliona kombe, na watoto wao wakaendelea kwenda uwanjani.

Kwa asiyeujua, besiboli ni mchezo unaomzoesha mtu kushindwa tangu siku ya kwanza. Mtupaji anarusha mpira, mpigaji anausubiri na gongo lake. Mpigaji anayefaulu mara tatu kati ya kumi anahesabiwa kuwa hodari. Akidumu hivyo miaka na miaka, anaweza kuingizwa katika jumba la mashujaa wa mchezo huo kule Cooperstown. Mara saba zilizobaki alirudi benchi kichwa chini. Msimu una mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na hata timu inayoongoza ligi hufungwa mara sitini hivi. Shabiki wa soka akifungwa Jumapili anaweza kununa wiki nzima. Wa besiboli hana nafasi hiyo, kwa sababu kesho kuna mechi.

Nilipokuwa Chicago niliishi Rogers Park, kaskazini kabisa mwa jiji, mtaa ambao kwenye foleni ya duka unaweza kusikia Kiswahili cha Kongo kutoka kwa familia zilizokimbia vita vya mashariki mwa nchi hiyo. Treni ya kutoka huko kwenda mjini husimama Addison, hatua chache kutoka Wrigley Field, uwanja wa Cubs uliojengwa mwaka 1914. Ukuta wake wa mbali umefunikwa na mimea inayotambaa, iliyopandwa mwaka 1937. Ubao wa matokeo ni wa mwaka huohuo na hadi leo unaendeshwa kwa mikono: watu wamo ndani yake, wanachomoa bati lenye namba na kupachika jingine. Mechi ikiisha, juu ya ubao hupandishwa bendera. Wakishinda ni nyeupe yenye herufi ya bluu, wakifungwa ni ya bluu yenye herufi nyeupe. Reli hapo imeinuliwa, kwa hiyo abiria wanayasoma matokeo dirishani. Kabla sijajua sheria hata moja ya mchezo wenyewe, nilikuwa najua kusoma bendera. Treni ilipokaribia Addison behewa zima liligeuza shingo, na ile ya bluu ilipoonekana sikusikia mtu akilaani. Walirudi kwenye simu zao, na kesho yake wakageuza shingo tena.

Aliyenifungulia mlango ni mzee mmoja niliyefanya naye kazi, Mmarekani mweusi wa upande wa kusini wa jiji. Kusini ni himaya ya timu nyingine, White Sox. Hata Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, ni shabiki wao. Mzee wangu alikuwa na kila sababu ya kuandamana na majirani zake. Lakini utotoni alipanda treni akavuka jiji kwenda kumwona mtu mmoja, Ernie Banks, na tangu hapo hakugeuka. Nilimkuta bado anaandika mechi kwa penseli, redio ikiwa pembeni. Daftari lake lilikuwa na kisanduku kwa kila zamu ya mpigaji, na ndani ya kisanduku umechorwa mraba mdogo uliosimama kwa pembe. Mchezaji akipita vituo vyote vinne na kurudi alikoanzia, huo ni mkimbio mmoja, na mraba unatiwa rangi. Wengi hawarudi, kwa hiyo kurasa zake nyingi zilikuwa nyeupe. Siku moja nikamuuliza, mzee, kwa nini unamaliza penseli kuandika mechi ambayo wenzetu wamekwishafungwa kwa mikimbio tisa? Hakuinua macho. "Kijana," alisema, "waliofungwa nao wamecheza."

Huyo Banks alizaliwa Dallas, Texas, mwaka 1931. Alianzia Kansas City Monarchs, mojawapo ya timu za ligi za weusi zilizostawi enzi ambazo ligi kuu ilimfungia mlango mtu mweusi. Septemba 1953 Cubs walimnunua, akawa mweusi wa kwanza kuwachezea. Alikuwa mwembamba, na alipongoja mpira vidole vyake vilichezacheza juu ya gongo kana kwamba anapiga filimbi. Mwaka 1958 alipiga mipira 47 iliyovuka ukuta, mwaka 1959 akapiga 45, na miaka yote miwili akatangazwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya mfululizo katika ligi hiyo kabla yake. Miaka hiyohiyo miwili timu yake ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Alidumu misimu 19 na mechi 2,528, akavusha ukuta mipira 512. Katika mechi zote hizo hakucheza hata moja ya hatua ya kuwania ubingwa, na hadi leo hakuna aliyecheza nyingi kama yeye bila kuifikia hatua hiyo.

Na ndiye huyu aliyezoea kuingia kazini akitangaza: siku nzuri leo, tucheze mbili! Zamani ilikuwa kawaida timu kucheza mechi mbili mfululizo kwa siku moja, na wachezaji wengi waliichukulia kuwa adhabu. Wrigley Field haukuwa na taa hadi Agosti 1988, hivyo Cubs nyumbani walicheza mchana tu, chini ya jua la Julai. Timu iko mkiani, wenzake wako hoi, na mwenye haki kuliko wote ya kulalamika anaomba nyongeza.

Mwaka 1969 ilionekana zamu yake imefika. Alikuwa na miaka 38, magoti yamekwisha, amehamishwa siku nyingi kutoka katikati ya uwanja hadi kituo cha kwanza, mahali pasipohitaji mbio nyingi. Agosti Cubs walikuwa juu ya kundi lao kwa nafasi ya kutosha kumfanya mtu aanze kupanga sherehe. Septemba wakaporomoka. New York Mets wakawapita, wakaenda kuwa mabingwa wa nchi, na Cubs wakamaliza mechi nane nyuma. Banks akarudi msimu uliofuata, na mwingine, kisha mwaka 1971 akastaafu.

Wahubiri wa uaminifu hupenda kusimama hapa na kutuonyesha kidole: mchezaji mmoja, timu moja, miaka yote hiyo, siyo nyie vijana wa leo mnaohama kwa nyongeza ya mshahara! Nami ningehubiri hivyo kama nisingejua mikataba ya enzi hizo ilivyokuwa. Kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichoipa klabu haki ya kumshikilia mchezaji msimu baada ya msimu. Klabu iliweza kumuuza, kumbadilisha kwa mwingine au kumtupa. Yeye kuondoka kwa hiari yake, hakuweza. Mwaka huohuo wa 1969, Curt Flood wa St. Louis Cardinals aliarifiwa kuwa amebadilishwa, anahamia Philadelphia. Akakataa. Akamwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1972 akashindwa, uchezaji wake ukiwa umekwisha. Kifungu kile kilikuja kuvunjwa mwishoni mwa 1975, Banks ameshatundika gongo.

Basi tusimpambe Banks kwa jambo ambalo hakulichagua. Kubaki Cubs hakukuwa uamuzi wake, na katika suala la kubaki au kuondoka mwenye haki alikuwa Flood. Uamuzi wa Banks ulikuwa mwingine: akiwa hapo alipowekwa, awe mtu wa namna gani? Kifungu kiliweza kumlazimisha avae jezi. Kuomba mechi ya pili hakuna mkataba uliomlazimisha.

Mashabiki nao ni hivyohivyo. Ni wachache sana walioketi chini wakapima, wakachagua. Timu inakuja na mtaa, na baba, na mjomba aliyekununulia jezi ukiwa huwezi kukataa. Siku hizi hilo linaonekana ushamba. Kwenye vibanda umiza vyetu namwona kijana amevaa jezi ya bingwa wa mwaka jana wa Uingereza, mwaka huu kaipa mdogo wake, bendera fuata upepo. Na kando yake yupo mwenye mkeka wa kubeti, ameweka mechi nane, anashangilia bao la timu ambayo hawezi kuitaja hata mchezaji wake mmoja. Siwalaumu, kila mtu na hela yake. Ninachokiona ni kwamba wanapofungwa hawapati kitu. Mkeka ukichanika unatupwa chini na mechi inatupwa nao. Mzee wa Chicago alifungwa maelfu ya mara, na kila mara alikuwa na la kuandika.

Banks alifariki Januari 2015, siku chache kabla ya kutimiza miaka 84. Novemba mwaka uliofuata, Cubs wakafika mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, ugenini Cleveland. Nilikuwa nimesharejea nyumbani, na huku kwetu ilichezwa kuanzia usiku wa manane hadi jua limewaka. Awamu tisa za kawaida zikaisha sare. Mvua ikasimamisha mechi dakika 17. Kisha katika awamu ya kumi Cubs wakapata mikimbio miwili, wapinzani mmoja, ikawa 8 kwa 7. Saa mbili kasorobo asubuhi nilikuwa napiga kelele peke yangu sebuleni huku watoto wa jirani wakipita kwenda shule.

Siku zile watu wa Chicago walikwenda Wrigley Field na chaki. Wakaandika kwenye matofali ya ukuta wa nje, juu kadiri mkono ulivyofika, majina ya marehemu wao waliosubiri wasione: baba, bibi, kaka, mwalimu. Mzee wangu naye alikwenda, akaandika jina la mama yake, aliyekuwa akimpa nauli ya kwenda kumwona Banks. Banks mwenyewe amelala katika makaburi ya Graceland, mwendo wa miguu tu kutoka pale. Tunasema subira yavuta heri, na ni kweli, ila methali haisemi heri hiyo ikifika itamkuta nani mezani. Kama thamani ya maisha ya Banks ingekuwa kombe, basi aliishi bure, na waliokuwa kwenye ukuta ule nao. Hakuna aliyeshika chaki siku zile aliyeamini hivyo.

Suala hili la mtu kuwekwa mahali asipopachagua, kisha akachagua awe wa namna gani hapo, silioni Marekani tu. Walimu wawili wanapangiwa shule moja ya mbali, kwa barua zinazofanana, na hakuna kati yao aliyeiomba. Baada ya miaka mitano mmoja bado anahesabu miezi ya uhamisho. Mwenzake anajua mtoto gani huja bila kunywa chai na yupi hufaulu akikalishwa mbele. Rekodi za ofisini zinasema wote wawili wamekaa miaka mitano. Ni mmoja tu aliyekuwapo.

Hapo nawaomba wakubwa wa kazi wasiikate safu hii na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Bashasha ya Banks haikukifanya kifungu kile kuwa cha haki, na mwalimu anayependa wanafunzi wake hajafuta deni la malimbikizo ya mshahara wake. Tumezoea kudhani ni lazima mtu achague: ama awe mchangamfu na mnyenyekevu, ama awe mdai haki mwenye kisirani. Mimi nawataka wote wawili ndani ya mtu mmoja. Asubuhi aingie darasani kama Banks, akitamani kipindi cha pili. Jioni akae aandike barua kama Flood, aitie sahihi jina lake kamili. Akiulizwa ni yupi kati ya hao aliye mwaminifu kwa shule yake, ajibu kwamba ni yuleyule.