Kipimo na Uhuru

Wengi hudhani kuwa kipimo ni adui wa uhuru. Mchezo mmoja wa watoto wakanusha dhana hii. Mwaka 1958, huko Billund katika Denmark, Godtfred Kirk Christiansen aliombea hataza tofali la plastiki lenye vinundu juu na mirija ndani. Mwaka 1966 kiwanda chake kikatoa garimoshi la matofali hayo, lililoendeshwa kwa mota ya betri. Tofali la mwaka 1958 hushikana hata leo na tofali lililotoka jana. Matofali sita ya rangi moja, kila moja la vinundu vinane, huungana kwa namna zaidi ya milioni 900.

Wingi huu umezaliwa na nini? Umezaliwa na ukali wa kipimo. Tofali likataalo kipimo li huru, lakini li peke yake, wala halijengi kitu. Vivyo hivyo garimoshi: mota hulisukuma, reli huliongoza.

Lakini reli hizo nani kazitandika? Mjenzi mwenyewe, naye aweza kuzitandua. Hapa ndipo sheria na pingu ziachanapo: sheria ni reli tuliyoitandika wenyewe, pingu ni reli tuliyotandikiwa, tusiweze kuigeuza. Basi mtu asichukie kipimo. Aulize kwanza ni nani aliyepima, na kwa faida ya nani.