Fungu la Kumi na Mashamba ya Mfalme

Masomo: 1 Samweli 8:10–18, Kumbukumbu la Torati 14:28–29



Tumezoea kulisoma fungu la kumi katika Malaki, na mara nyingi tunaishia hapo. Leo tumsikilize Samweli akiwaonya Israeli juu ya mfalme wanayemtaka. Mfalme huyo, anasema, atachukua mashamba yao mazuri awape watumishi wake, kisha atatoza sehemu ya kumi ya nafaka na zabibu zao awape maofisa wake. Ni kumi ile ile ya hekaluni. Mikono inayoipokea ndiyo imebadilika.

Ulaya ya zamani iliendeshwa hivyo: mfalme alimgawia bwana ardhi pamoja na wakulima waliokuwa juu yake, na wakati mwingine hata zaka ya parokia iliangukia mikononi mwa bwana asiyehubiri wala kuzika. Ndugu zetu wa Uganda wanalijua jambo la jinsi hiyo kwa jina la mailo. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwapa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000 maili za mraba 8,000, na jumuiya tatu za kimisionari zikapata maili za mraba 92. Mkulima aliyerithi kihamba cha babu yake akajikuta mpangaji, analipa busuulu kwa kukaa na envujjo kwa mazao, mpaka sheria ya 1928 ilipoweka kikomo. Na machifu wengi waliopokea walikuwa Wakristo, wenye viti vya mbele kanisani.

Hapa petu je? William Berczy alileta walowezi wa Kijerumani Markham mwaka 1794, wengi wao Walutheri. Miaka mitatu kabla, sheria ya Uingereza ya 1791 ilikuwa imeagiza itengwe ardhi kwa makasisi wa Kiprotestanti, kiasi cha moja ya saba ya ile iliyogawiwa, na Waanglikana wakadai hiyo ni yao peke yao. Viwanja vingi vilibaki msitu katikati ya mashamba ya watu na kuzuia barabara. Jirani alifyeka, akachimba, akajenga. Kiwanja cha kanisa kikapanda bei bila jasho. Manung'uniko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyochochea uasi wa 1837, na mwaka 1854 ardhi hizo zikaondolewa mikononi mwa kanisa. (Wamississauga, waliokuwapo kabla ya ramani zote hizo, walilipwa madai yao ya ununuzi wa Toronto mwaka 2010 tu.)

Torati inaagiza vingine. Walawi hawakupewa urithi wa nchi, walikula zaka. Na kila mwaka wa tatu fungu la kumi liliwekwa malangoni mwa mji, Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Hakuna aliyeulizwa stakabadhi.

Ushirika wetu hauna hata futi moja ya ardhi. Ukumbi tumeukodi kwa saa. Lakini pendekezo lililo mezani linasema msaada wa misiba na barua za ushirika zitolewe kwa mwenye bahasha za zaka zilizokamilika miezi sita. Sisi wazee tunaoandika ukurasa huu tunalipinga. Litamkuta nani? Litamkuta aliyefika majuzi na bado anangoja kibali cha kazi, na mama anayefanya kazi ghalani usiku huku akilipa ada za wadogo zake Bukavu. Hao ndio wageni na wajane wa Kumbukumbu la Torati, na sisi tunataka kuwasimamisha mlangoni na daftari.

Hatusemi kodi ya ukumbi itajilipa. Mhazini ana haki ya kulalamika, na wapo wenye mishahara minono ambao bahasha zao hatujaziona tangu Pasaka. Hao tuwafuate nyumbani, tuongee nao kama ndugu, bila kupitia jeneza la mtu.

Mkutano ni Jumapili ijayo mara baada ya ibada. Mhazini atakuja na hesabu za kodi za mwaka mzima. Chai itakuwepo, na watakaochelewa kwa sababu ya zamu watasubiriwa kabla ya kura kupigwa.

Mungu awabariki.