Mfumaji na Ukweli wa Mlima

Watu wengi hudhani kwamba swali la ukweli na uongo huwahusu mahakimu, viongozi wa dini na waandishi wa magazeti tu. Mfinyanzi, mchongaji na msuka mikeka hawaulizwi swali hilo. Wao huulizwa kama kazi yao inapendeza na kama itadumu. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba hata mwenye sindano mbili na donge la uzi hukutana na swali hilo, na kwamba jibu atakalolitoa si dogo.

Dada yangu mkubwa ni mwalimu mstaafu wa sayansi kimu. Anaishi mjini Morogoro, na baraza ya nyumba yake inaelekea Milima ya Uluguru. Mwaka mmoja, wakati wa kipupwe, aliamua kumfumia mjukuu wake blanketi zito, kwa kuwa binti huyo alikuwa amechaguliwa kwenda shule ya bweni katika nyanda za baridi. Alitafuta uzi wa sufu, mnene kama kidole cha mtoto, na sindano za mti za kuumudu uzi huo. Kielelezo chake hakukitoa kitabuni. Alikitoa pale pale barazani: huinua macho akautazama mlima, kisha huyarudisha mikononi mwake.

Chini kabisa aliweka rangi ya udongo mwekundu. Juu yake akaweka manjano ya nyasi zilizokauka, kisha kijani cha migomba na bustani za miinukoni. Baada ya hapo kingefuata kijani kizito, kinachokaribia weusi, cha msitu wa asili ulio chini ya kilele cha Lupanga chenye kimo cha meta 2,138. Na mwisho kijivu cha ukungu. Vitanzi vyake vilikuwa vikubwa, hata blanketi lenyewe likawa na mabonde na vilima vyake.

Alipofika kati ya bustani na msitu, akasita. Mahali hapo mlimani palikuwa na baka jeusi, kwani moto ulikuwa umepita siku chache kabla. Mjukuu alipomwona amesita akamwambia, "Bibi, paruke hapo. Weka kijani tu. Nani atapenda kujifunika majivu?" Dada akacheka, akaweka kijani. Lakini kesho yake asubuhi nilimkuta ameifumua mistari yote ile, anaifuma upya kwa uzi mweusi. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mdogo wangu, kila nikiinua macho naona nimemsingizia mlima."

Sina budi kukiri kwamba siku ile mimi nilikuwa upande wa mjukuu. Nilidhani kwamba sanaa ni faraja. Kwamba mtoto aendaye mbali na kwao anahitaji kukumbuka uzuri wa kwao. Isitoshe, blanketi si taarifa ya afisa misitu. Mshairi naye hatii katika beti zake kila alichokiona njiani.

Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili, yaani kuchagua na kuficha. Kila msanii huchagua, maana kazi yake ina mipaka na ulimwengu hauna. Dada hakufuma nyumba za mjini wala barabara, na hakumdhulumu mtu. Lakini kuweka kijani mahali palipoungua si kuchagua. Anayechagua hunyamaza, anayeficha hutamka jambo lisilokuwapo.

Ubaya wa kuficha huku hauishii kitandani. Misitu ya Uluguru hupokea mvua na ukungu utokao upande wa Bahari ya Hindi, ikayahifadhi maji na kuyaachia polepole. Humo ndimo yatokamo maji ya Mto Ngerengere upitao Morogoro, na ya Mto Ruvu ambao wakazi wa Dar es Salaam huutegemea kwa maji yao. Serikali iliutangaza msitu wa Uluguru kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Hata hivyo, tangazo haliuzimi moto. Kama kila picha, kila wimbo na kila blanketi litatuonyesha mlima wa kijani, tutalala usingizi mzuri huku gogo likiisha bandu kwa bandu.

Lakini yafaa tujihadhari hapa. Uzi mweusi ni ukweli, ila si ukweli wote. Aketiye barazani mjini huona rangi, haoni mtu. Hajui kama aliyewasha moto alikuwa mzembe, au mkulima aliyekosa shamba la kuwalishia wanawe. Historia ya milima hii inatufundisha jambo hilo. Serikali ya kikoloni iliiona mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Ikawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Haikuwasikiliza wenyeji waliojua kwamba mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kwamba kuchimba ngazi huufukia na kuinua udongo usiozaa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ule ukaachwa. Wakubwa wale waliliona baka. Wenye mlima hawakuwaona.

Kwa hiyo mfumaji ana wajibu wa namna mbili: asifiche alichokiona, wala asijigambe kwamba amekiona chote.

Huenda msomaji akauliza kama kufuma sufu ni utamaduni wetu, ilhali sindano hizo zililetwa na wageni. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka tujivunie vya kwetu, wala hakutukataza kujifunza kwa wengine. Sindano ni ya kuazima, lakini jicho linalouangalia mlima ni letu, na aibu ya kuusingizia ni yetu pia.

Lugha yetu inalo neno kufuma na kinyume chake, kufumua. Dada yangu alipokosea aliufumua usiku mmoja akauanza upya, na uzi ulikuwa ule ule. Mlima hauna bahati hiyo. Mti mkubwa wa msitu wa asili haukui katika maisha ya aliyeukata, na udongo uliochukuliwa na mvua haurudi ukapanda kilima. Blanketi hukua kitanzi kwa kitanzi, haba na haba. Mlima nao hufumuka kwa njia iyo hiyo, moto mmoja na shoka moja, bila mtu kuusikia.

Binti yule alikwenda shule na blanketi lake lenye baka. Aliporudi likizo alituambia kwamba wenziwe wote humwuliza, "Hapa peusi ni nini?" Naye huwaeleza. Lingekuwa la kijani tupu, wangelisifu tu na kulala.